Kadi Kumi na Moja

Kokugonza hakuufikia mstari.

Nesi Siti alikuwa ameuchora kwa chaki kwenye mwimo wa mlango wa ghala la kahawa, kwa sababu kliniki haikuwa na makao mengine. Jumatano moja kila mwezi magunia yalisukumwa pembeni, na mizani iliyozoea buni ikapima wanawake. Kila mwenye mimba ya kwanza alivua viatu, kama anavyo, akasimama wima, visigino kwenye mwimo, na Nesi akatazama utosi umefika wapi. Waliouvuka mstari walikwenda zao wakicheka. Kokugonza alibaki chini yake kwa upana wa vidole vitatu.

Siti alikuwa mtoto wa mjini Bukoba, binti wa fundi cherehani, na maneno yake hayakuwa na pindo. Alimwambia nyonga zake ni nyembamba na mtoto ni mkubwa, na kabati halipiti mlango mdogo eti kwa kuwa mwenye nyumba ameomba Mungu. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya kadi: Ajifungulie hospitali. Akapiga mistari miwili chini ya maneno hayo.

"Usikubali kuzalia kijijini," alisema. "Hata wakikutandikia zulia."

Kokugonza alikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Damian Mwijage kwa mwaka mmoja na ushee, na alikuwa na sababu ya kuiamini kalamu ile. Dada yake alikuwa wa kimo hicho hicho. Alikaa siku tatu na uchungu kwenye nyasi za sakafuni, na siku ya nne akabebwa kwenda kuzikwa, tumbo lingali limejaa.

Habari ya mstari ilifika nyumbani kabla yake. Nyumba ya mama mkwe wake, Felicitas, haikujua kukaa tupu. Msimu wa kahawa majirani walileta mikeka yao kuchambulia buni uani kwake, si kwamba kwao hakukuwa na jua; kwao hakukuwa na maneno. Siku ile hospitali zilichambuliwa pamoja na buni. Mmoja alisifu ile ya mjini, kubwa, ya serikali, ila unahitaji mtu wa karibu wa kukupikia. Klaudia, jirani ambaye ulimi wake haukuwa na Jumapili, alisema yeye ana shangazi pale Kibeta, lakini kwa matoke anayopika, mgonjwa hupona haraka ili amkimbie. Mwingine akawataja masista wa kule juu, maili kumi na mbili: maji ya bomba, daktari anayejua kisu, na nyumba ya kungojea siku zako ukijipikia mwenyewe. Ubaya wao ni kwamba Sista mkubwa anakuogesha alfajiri na hataki upige kelele. Klaudia akasema yeye alipiga kelele pale mara mbili, na hao wawili leo wako hai, wanamwibia sukari.

Kokugonza akachagua masista. Akasema hivyo mbele ya wote, na mikono ikasimama juu ya mikeka, maana mwali hachagui mbele ya mkwe.

Felicitas hakugomba. Aliuliza tu, bila kuinua macho, masista wanaipeleka wapi kondo ya nyuma. Nyumba ile kondo zote zilizikwa kibanjani, shambani pale pale nyumbani, kila moja chini ya mgomba wake, ili mtoto ajue kwao. Klaudia akajibu kwamba masista wana shimo. Felicitas akatikisa kichwa, akaendelea kutupa buni mbovu kuku wakimbilie, na kila aliyekuwa uani akaelewa kwamba shauri limekwisha na limeshindwa.

Lakini aliyelifunga kabisa hakuwa mama mkwe. Alikuwa Mwenyekiti.

Kijiji kilikuwa kimejenga chumba cha wazazi. Neno "kijiji" lilisomwa kwenye taarifa. Mawe yalibebwa na wanawake, kutoka mtoni hadi mlimani, kila mmoja mawe manane kwa siku, na Kokugonza alibeba yake mpaka mimba ya miezi mitano. Sasa chumba kilikuwa na bati, na ndani yake kitanda cha chuma chenye godoro lililokuwa bado kwenye nailoni. Maji hayakuwapo. Mkunga hakuwapo, alikuwapo mhudumu aliyefundishwa wiki sita kufunga vidonda. Siku ya Saba Saba wageni wangetoka wilayani kuja kukifungua, na Mwenyekiti Lwakatare alitaka wakute mzazi kitandani na mtoto pembeni. Akaagiza kadi zote za kliniki ziletwe ofisini. Akatangaza kwamba hakuna mja mzito atakayepewa barua ya kutoka kijijini, na mwaka ule bila barua mtu hakuvuka kizuizi cha mgambo kule barabarani. Wakati wenyewe ulikuwa huo: hata kwenda msibani uliandikiwa.

Siku ya kufagia chumba, wanawake wote wakiwapo, Kokugonza aliweka ufagio chini akaingia ndani, alipokuwa Mwenyekiti. Kadi zilikuwa zimeletwa kutoka ofisini, zimepangwa ukutani kwa misumari, safu mbili, kama picha za watakatifu. Yake aliijua kwa wino mwekundu.

"Ndugu Mwenyekiti, nimekuja kuomba kadi yangu."

Lwakatare alikuwa anapima kwa macho kama saa ya ukutani imenyooka. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mwalimu zamani, na sauti yake ilikupiga polepole.

"Yako? Hapa hakuna yako wala yangu, mama. Ni ya kijiji."

"Nesi ameandika nizalie hospitali."

"Nesi analala mjini. Sisi tumejenga hapa. Unataka mgeni aje aone kitanda kitupu, aseme watu wa huku wanajenga nyumba za popo?"

Kokugonza alitazama ukuta. Midomo yake ilitembea kidogo.

"Naona kumi na moja," alisema. "Siku ya kupimwa tulikuwa kumi na wawili. Kadi ya Kokwijuka iko wapi?"

Fagio zilinyamaza. Kokwijuka alikuwa mke wa mtoto wa Mwenyekiti, na kila aliyeinama pale alikuwa amekwisha kulisikia, maana Klaudia alikuwa ametoka Kibeta juzi kumpelekea shangazi ndizi, na nyumba ya pili kutoka kwa shangazi alimwona Kokwijuka barazani, miguu juu ya kigoda, akimenya chungwa, hospitali ya mjini ikiwa mwendo wa nusu saa. Alikuwa amepelekwa kwa gari la Chama. Kijijini ilisemwa kwamba amekwenda kumwuguza mjomba.

"Nani amekufundisha kuhesabu kadi za ofisi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Wewe, Mwalimu. Darasa la jioni, kisomo cha watu wazima. Ulinipa na cheti."

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko cha puani, akakigeuza kikohozi. Lwakatare alitabasamu pia, na hilo ndilo lililowatia hofu. Akamwambia amsalimie Damian.

Salamu zilifika siku hiyo hiyo. Damian aliitwa, akakalishwa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa kumi bila kuulizwa kitu, kisha akaambiwa kwamba mke wake anapinga maendeleo, na kwamba kuna watu walikwisha kuhamishwa kwa dogo kuliko hilo. Alirudi na kopo la chokaa. Kazi yake mpaka Saba Saba ilikuwa kupaka mawe ya njiani, kutoka kizuizini mpaka mlangoni. Hakuwa mume mbaya. Alimsogezea mkewe sufuria ya maji ya moto aloweke miguu, akakaa kando yake, na vidole vyake vyeupe havikujua pa kujificha. Alimwuliza kama haiwezekani kungoja kidogo, mtoto akachelewa, wageni wakapita.

"Mwambie yeye," Kokugonza alisema, akaonyesha tumbo. "Labda naye anaogopa benchi."

Ila aliyebadilika alikuwa Felicitas. Kwa siku mbili alipita huku na huku akinung'unika jina la Kokwijuka kama mtu aliyemung'unya kahawa mbovu. Siku ya tatu aliingia chumbani kwa mwali na jani la mgomba lililobabuliwa motoni, laini, limekunjwa mara nne.

"Muhala wange, binti yangu," alisema, "mimi nimezika kondo saba kibanjani hapa. Na watoto wanne nimewazika juu yake. Migomba inajua sana kwao. Wanangu wako wapi?" Akalitia jani kwenye kikapu. "Nenda kwa masista. Wakikupa kondo, niletee. Wasipokupa, iibe."

"Mae, na barua?"

"Barua andika wewe. Si una cheti?"

Mpango ulifumwa uani, kwenye mikeka, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida kabisa. Barua ikaachwa, kwa kuwa muhuri uko kwa Mwenyekiti. Yunus, dereva wa lori la ushirika, angepita barabarani asubuhi ya Saba Saba na magunia, na njia yake ilipita chini ya kilima cha masista. Asingeweza kuingia kijijini, lakini angeweza kusimama ng'ambo ya kizuizi na kufungua boneti, lori likaumwa ugonjwa wowote mpaka Kokugonza afike. Watu wote wangekuwa uwanjani. Kizuizini angebaki Rutashobya peke yake, na mkewe Rutashobya ndiye aliyekaa mkeka wa tatu, akichambua buni kimya.

Uchungu ulitangulia mpango. Kulipokucha Saba Saba ulikuwa tayari kiunoni, ukija na kuondoka kama mgeni asiyeamini kwamba amekaribishwa. Waliondoka watatu: Kokugonza katikati, Felicitas na kikapu, Klaudia na mkeka, kwa kuwa njiani hujui. Waliteremka kati ya mawe meupe. Kutoka mlimani walisikia watoto wa shule wakijaribu wimbo wa kuwapokea wageni.

Kizuizi kilikuwa mti mmoja wa mkaratusi, umelazwa juu ya magogo mawili, mitaro mirefu pande zote, na ncha moja imefungwa jiwe ili nyingine iinuke kirahisi. Ng'ambo yake lori lilikuwa limefungua mdomo, na Yunus anakaza kitu ambacho hakikulegea. Rutashobya, mtu wa makamo, suruali ya mgambo imemfupikia, alisimama mbele yao na rungu alilolishika kama mwiko.

"Waitu, nawasihi, msinitafutie balaa," alisema. "Nina orodha. Jina lake ni la kwanza."

Felicitas alimwuliza kama anakumbuka nani alimpokea yeye mwenyewe alipozaliwa. Rutashobya alisema anakumbuka, na kwamba mama huyo apumzike kwa amani, lakini mti huu unainuliwa kwa barua. Klaudia alianza kumweleza mkewe akisikia atamlaza wapi usiku huo. Alikuwa amefika mbali kidogo katika maelezo hayo pale ulipokuja uchungu mwingine, mkubwa, na Kokugonza akaushika mti. Aliukumbatia kwapani, akaulalia kwa kifua, na magoti yakakunjika. Ncha yenye jiwe ikatikisika.

Hapo Landrova ya wageni ikatokea barabarani, ikapita pembeni mwa lori, ikasimama pua kwenye mti. Ikapiga honi mara moja, kwa adabu.

Rutashobya alilitupa rungu akakimbilia jiwe. Akalibonyeza kwa uzito wake wote. Mti ulipanda shibiri moja na Kokugonza juu yake, ukarudi.

"Mama, achia," alisema. "Nakuomba. Ni wageni. Achia wapite."

Kokugonza aliinua uso. Jasho lilikuwa limemwingia machoni.

"Hao barua yao iko wapi?"

"Usinifanyie hivyo."

"Mti huu si unainuliwa kwa barua? Nikipita mimi, watapita. Kwanza mimi."

Honi ikapigwa tena, ndefu kidogo. Mlimani walidhani ndiyo ishara, na wimbo ukaanza kwa nguvu, pamoja na ngoma. Lwakatare akaonekana akiteremka mbio kati ya mawe, tai begani, na nyuma yake, kwa mbali, Damian na brashi yake, akikimbia kama mtu asiyejua akifika atasimama upande gani. Mwenyekiti alikuwa na kadi mkononi. Wino mwekundu ulionekana kutoka mbali.

Mgeni alishuka. Alikuwa mtu mnene, mpole wa uso, suti ya kijani ya mikono mifupi. Alitazama saa, akamtazama mwanamke aliyening'inia kwenye mti, akauliza ndugu huyu ana shida gani.

Kokugonza alifungua mdomo, na uchungu ukamnyang'anya.

"Hana shida," Mwenyekiti alisema, akihema, akitabasamu. "Ndugu huyu ndiye mzazi wetu wa kwanza. Ameshindwa kungoja kitandani. Amekuja kuwapokea."

Mgeni alifurahi. Akasema huu ndio mwamko tunaoutaka, akapiga makofi, na wote walioshuka garini wakapiga naye. Felicitas alifungua kikapu taratibu, akatoa jani, akaanza kulikunjua. Yunus alifunga boneti ya lori kwa kishindo, akawasha injini, akaiacha ingurume palepale.

Maji yalimshuka Kokugonza miguuni, yakalowesha jiwe lililopakwa jana, na chokaa ikachuruzika mtaroni, nyeupe kama maziwa.

"Mama, achia mti," Mwenyekiti alisema chini chini, midomo ikiendelea kuwatabasamia wageni. "Kitanda hicho hapo juu."

Kokugonza alivisokota vidole vyake pamoja chini ya mkaratusi, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Makofi yalikwisha. Mlimani walimaliza wimbo, wakangoja, wakaona hakuna anayepanda, wakauanza upya.