Kitambaa Mdomoni mwa Mtungi

Kishindo cha kwanza kilikuwa cha mlango wa juu kupigwa teke. Cha pili kilikuwa cha mtu kuanguka.

Wakesho alisimama sebuleni, miguu mitupu juu ya vigae vilivyoloa, akajua kwamba mumewe hakwenda kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Hudson, mumewe, alikuwa ametoka hospitali alikomwacha mama yake na nyonga iliyovunjika. Mama huyo aliteremka jana kutoka Mbololo kuwatembelea, na asubuhi, akitoka bafuni, aliteleza kwenye sakafu hii hii iliyokuwa ikiloa wiki nzima bila mtu kujua maji yanatoka wapi. Hudson aliporudi na kukuta bado kumeloa, alichukua spana ya magurudumu.

"Ni huyo Ishaq wa juu," alisema. "Leo atayanywa."

Lakini Wakesho alijua kuwa si Ishaq.

Mjini Voi mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Kwenye jengo lao, kila mwenye kiyoyozi aliweka mtungi barazani chini ya bomba linalotoa maji ya kiyoyozi, akinge matone ayatumie kudekia. Wakesho naye aliweka wake. Wiki iliyopita, kwa kuogopa mbu, alilisukuma bomba ndani kabisa ya mtungi, akaziba mdomo wote kwa kitambaa, akakaza. Hewa ikakosa pa kutokea, maji yakakataa kuingia, yakarudi ndani na kuteremka ukutani nyuma ya kabati hadi sakafuni. Asubuhi, baada ya mama mkwe kubebwa, alikwenda kuchota maji ya kudeki akakuta mtungi hauna kitu. Alipochomoa kitambaa, bomba lilikohoa, likatapika maji mpaka kwenye vidole vyake.

Alikusudia kumwambia Hudson. Aliyapanga maneno. Ila mwaka jana, kwa shati moja lililoungua pasi, Hudson alimpiga kofi likamtoa damu sikioni.

Juu, Saadiya, mke wa Ishaq, alipiga ukemi. Wakesho akapanda ngazi mbio.

Ishaq alikuwa amelala ubavu mbele ya mlango wake, kanzu imechanika, paji la uso limefunguka. Hudson alisimama juu yake na spana.

"Mara tano kwa siku unanawa juu ya kichwa changu! Mama yangu hatatembea tena!"

"Kaka, ingia utazame basi," Ishaq alisema, akitema damu. "Bafu langu kavu. Tangu Jumatano hatujaona maji."

"Kaka yako nani?" Spana ikashuka begani. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Saadiya alijirusha mgongoni mwa Hudson, akatupwa ukutani.

Spana ilipanda tena, na safari hii ilikuwa ikitafuta kichwa.

"Baba Abby, ni mimi!" Wakesho alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Mkono ulisimama hewani.

"Mimi ndiye niliyeleta yale maji. Niliziba mtungi wa kiyoyozi. Yakarudi ndani. Nimejua asubuhi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kwenye ile ngazi haikuwa na pa kupotelea.

Hudson aligeuka polepole. "Umejua asubuhi. Na mimi umeniacha nipande hapa kama mwendawazimu."

"Niliogopa."

"Sasa ndio utaogopa."

Alimwendea. Ndipo Ishaq, kwa mkono mmoja uliobaki mzima, akashika kifundo cha mguu wa Hudson na kuvuta. Hudson alikwenda uso kwa uso na ukingo wa ngazi. Meno yalivunjika. Akabiringika hadi chini ya ngazi, spana ikimtangulia ikilia chuma kwa saruji.

Saadiya alimburuta mumewe ndani, akamvuta Wakesho kwa nguo, akasukuma kabati la viatu dhidi ya mlango. Kisha akamgeukia na kumzaba kofi.

"Tangu asubuhi, Wakesho! Wamuacha mume wangu auawe kwa maji yako!"

Wakesho alipiga magoti, akafungua kanga iliyokuwa kiunoni, akaikandamiza kwenye paji la Ishaq. Ikalowa papo hapo. Akaongeza mkono wa pili.

Nje, hatua zilipanda zikiyumba. Ngumi zikaanza mlangoni.

"Mama Abby! Toka!"

Saadiya alikuwa ameshapiga simu polisi. Alisikiliza, akaziba simu kwa kiganja. "Wauliza nani amempiga. Mie nikisema, kesho watasema ni ugomvi wa majirani." Akamnyooshea Wakesho simu. "Sema wewe."

Kabati la viatu lilisogea kidogo.

Wakesho aliibana simu kati ya sikio na bega, mikono yake yote miwili ikibaki juu ya jeraha.

"Anaitwa Hudson Mwadime," alisema. "Ni mume wangu. Njooni upesi, yuko mlangoni."