Ripoti ya Bata Mzinga

Bata mzinga yule alichomoka kwenye shamba la mahindi saa tisa na dakika kumi alasiri, akajibamiza kwenye kioo cha mbele cha gari la kwaya, akafa palepale. Hayo hakuna aliyeyabishia. Ubishi ulikuwa juu ya dereva: alikuwa macho, au alikuwa amelala?

Dereva mwenyewe ni Salvatori, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambaye sasa anaendesha foklifti ya kuinua mizigo katika ghala moja mjini Columbus. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyeshika funguo za gari la kwaya. Jumapili hiyo alikuwa akiwarudisha wanakwaya kumi na mmoja kutoka Louisville, walikokwenda kuimba harusini mtaa wa Shively. Waliimba mpaka sauti zikakauka, na gari lilipovuka tu mto kuingia Ohio, huko nyuma kila kichwa kilikuwa kimeegemea bega la jirani.

Kiti cha mbele alikaa Mama Florida, kiongozi wa sauti ya kwanza. Huyu ni mtu ambaye akishasema jambo kanisani, wengine hubaki kuitikia tu. Naye alisema.

"Nilimwona kwa macho yangu mawili. Kidevu kifuani, mdomo wazi. Bata mzinga ndiye aliyemwamsha."

Mzee Athanasi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, hakupenda kuhukumu haraka. Alimpa Salvatori wiki mbili alete ushahidi. Mwisho wa mwezi kwaya ilikuwa inakwenda Buffalo kwenye kongamano la mwaka, na kama ushahidi haungepatikana, funguo angepewa Hyacinthe, Mkongomani mpiga gitaa, ambaye alikuwa ameshaanza kupangusa viti bila kuombwa.

Salvatori aliumia kimyakimya. Ghalani alikuwa na msimamizi, na msimamizi wake naye alikuwa na msimamizi. Lakini akikaa kwenye usukani wa gari la kwaya, hata mchungaji alimuuliza kwa adabu, "Dereva, tunaweza kusimama kidogo?" Hakuwa tayari kumwachia bata mzinga heshima hiyo.

Tumaini lake lilikuwa askari aliyefika siku ile. Alipima barabara kwa utepe, akaandika ukurasa mzima, akampa Salvatori kadi yenye namba. Salvatori aliitia kadi ndani ya faili lake la plastiki, pamoja na kadi ya chakula ya kambini, ambayo haikuwa na kazi tena lakini nani ajuaye.

Kwanza alikwenda polisi wa Columbus. Wakamwambia kwa upole kwamba ajali ilitokea nje ya mji. Ripoti hutunzwa na wale walioiandika, na huyo aliyeandika ni askari wa sherifu wa kaunti ile ya mashambani. Salvatori akashukuru, akarudi nyumbani, akakaa mezani kuandika barua ya maombi.

Barua alijua kuandika. Kambini aliwaandikia watu wengi, na alijua kwamba hakuna ofisi inayokupa kitu kabla ya kukujua. Kwa hiyo alianza na kuzaliwa kwake Burundi. Ikafuata habari ya kukimbia, kambi ya Kibondo, namba ya kijiji, namba ya nyumba, shule aliyoishia, mahojiano manne ya safari, ndege, Columbus, ghala. Alipofika kwenye bata mzinga alikuwa ukurasa wa tatu, na Kiingereza kilikuwa kinamwishia.

"Baba Angelika," mkewe Immaculée akamwambia, "huyu sherifu anataka kukupa karatasi au binti yake?"

"Ofisi haina haraka, mama Angelika. Wenye haraka ni sisi."

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akavaa suti, na yeye na mkewe wakaendesha mwendo wa saa moja na nusu. Ofisi ya sherifu ilikuwa nyumba ndogo ya matofali kando ya duka la chakula cha mifugo. Hapakuwa na foleni, jambo lililomtia Salvatori wasiwasi. Nyuma ya kioo alikaa karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Salvatori akampa barua kwa mikono miwili.

Karani akasoma. Akafungua ukurasa wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana, umepita mengi. Pole sana. Lakini unataka nini kwetu?"

"Ripoti ya ajali. Iko ukurasa wa tatu, chini."

"Una namba? Kama huna, nipe tarehe na jina la barabara."

Salvatori akatoa kadi. Karani akaanza kubonyeza mashine yake.

"Hujaniuliza mimi ni nani," Salvatori akasema.

"Hulazimiki kuniambia. Hizi ni kumbukumbu za umma."

"Wala kwa nini naitaka?"

"Hiyo pia ni siri yako. Na siku nyingine usijisumbue na safari. Andika mistari miwili kwa barua pepe: naomba ripoti fulani, ya tarehe fulani. Inatosha."

Salvatori alisimama pale kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Maisha yake yote ofisi zilimuuliza yeye ni nani, na sasa alipokuwa amejiandaa vizuri kuliko siku zote, hakuna aliyetaka kujua. Nyuma yake, kwenye benchi, Immaculée alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

"Hii nimeipata upesi," karani akasema, huku karatasi ikitoka, "kwa sababu Jumanne mtu mwingine aliiomba."

"Nani?"

"Hakusema. Nami sikumuuliza."

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Ilikuwa barua pepe, bwana. Mwishoni aliandika Mungu akubariki."

Hapo Salvatori akajua kwamba hakuwa mtu wa bima. Lakini kwenye kwaya nzima hakuna asiyemalizia barua hivyo.

Walisoma ripoti ndani ya gari. Askari aliandika vizuri. Alama za breki zilianza hatua thelathini kabla ya mahali pa kugongana. Dereva, kwa maoni yake, alimwona ndege na kujaribu kusimama. Immaculée akapiga makofi. Kisha akaendelea kusoma, na makofi yakakoma.

"Dereva anasema aliacha barabara kuu ili kutazama mbuzi kwenye shamba fulani. Mbuzi gani?"

Salvatori akatazama dirishani.

"Si uliwaambia barabara kuu imefungwa? Si ndiyo maana walichelewa ibada ya jioni?"

"Walikuwa wamelala. Nilisimama dakika tano tu, kwenye uzio. Mama Angelika, walikuwa mbuzi wenye masikio marefu, mpaka hapa. Sijawahi kuona."

"Na hapa chini?"

Hapa chini palikuwa na mstari mmoja: abiria wa mbele anasema hakuona chochote; alikuwa amelala hadi aliposikia kishindo.

Immaculée akacheka mpaka machozi. "Mstari huu utausoma mara mbili, na mara ya pili utasimama."

"Kwa nini basi alisema mimi ndiye niliyelala?"

"Kwa sababu yeye alilala, na aliamka akiwa na hofu. Kesho mwulize hivyo mbele za watu."

Salvatori akawasha gari. Njia nzima alikuwa akipima. Angeweza kusoma habari za breki peke yake, akaacha mbuzi. Lakini mmoja wa wanakwaya alikuwa na karatasi ileile, na angekaa pale kikaoni akisubiri kuona kama atawaficha.

Jumamosi mchana kamati ilikutana nyumbani kwa mzee Athanasi, Whitehall. Chai ikamiminwa. Salvatori akasimama, akasoma habari za breki, akizitafsiri polepole. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akasoma habari za mbuzi.



"Niliwadanganya kuhusu barabara," akasema. "Haikuwa imefungwa. Nisameheni."

"Bon," Hyacinthe akasema kutoka kwenye kona, "ile mbuzi iko na masikio namna gani?"

"Hyacinthe," mzee Athanasi akamkemea.

"Nauliza tu, mzee."

Salvatori akatazama mstari wa mwisho. Akamtazama Mama Florida, aliyekuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye basi la mji. Kisha akaikunja karatasi.

"Ni hayo tu," akasema.

Mzee Athanasi akanyoosha mkono. "Lete niiweke kwenye faili la kanisa. Nitaisoma taratibu."

Salvatori hakuwa amefikiria jambo hilo. Akabaki ameishikilia karatasi huku mzee akiivuta upande wake.

"Mzee, ngoja," Mama Florida akasema. Akafungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, imekunjwa vilevile. "Ameruka mstari mmoja. Nitausoma mimi, kwa sababu ni wangu."

Akausoma. Akausoma kwa sauti yake ya kwanza, wazi, kila neno mahali pake, kama anafundisha wimbo mpya. Alipomaliza akaketi.

"Nilitaka kujua yule askari aliniandika nini," akasema. "Niliposikia kishindo niliona aibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele ili nimzungumzishe dereva. Askari nilimwambia kweli, lakini ninyi nikawaambia la kwanza lililokuja mdomoni. Wiki mbili nimeshindwa kulirudisha."

Hyacinthe ndiye aliyeanza kucheka. Kisha chumba kizima, na mzee Athanasi akalazimika kuweka kikombe chini.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Salvatori angeendesha mpaka Buffalo, bila kuacha barabara kuu, hata kama pembeni kungekuwa na mbuzi wanaoimba. Mama Florida angekaa mbele, macho wazi, na kufanya kazi iliyomweka pale.

Akaifanya. Alianza kuzungumza walipokuwa bado Morse Road, mjini Columbus. Alimaliza habari za harusi ya Shively kabla ya Cleveland, akaingia ukoo wa mumewe, akausafisha tawi kwa tawi. Walipopita Erie, huku ziwa likionekana upande wa kushoto na nyuma kila mtu akikoroma, sikio la kulia la Salvatori lilikuwa limechoka kabisa.

"Mama Florida," akasema kwa unyenyekevu, "bado saa moja na nusu. Lala kidogo, dada yangu. Sitamwambia mtu."

"Wewe hutasema," Mama Florida akajibu, akijiweka sawa kitini. "Wenye kuandika je? Basi, huyo shemeji yangu wa tatu, nilikuwa nimefika wapi?"