Pete Zenye Mkia

Watu wa Kakamega waliomjua Muhonja walimjua kwa vizimba vya kuku. Ukitaka kizimba ambacho ingokho, yaani kuku, hawezi kuchomoza kichwa akakwama, ulikwenda kwenye kibanda chake pale Lurambi, ukamkuta ameinama juu ya gogo, koleo mkononi, ovaroli ya buluu imejaa vumbi la kutu, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Alitengeneza pia vikapu vya mayai na nyavu za kuchomea nyama. Kazi ilimpa riziki, lakini moyo haukushiba. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa amesoma muhula mmoja wa uhandisi katika chuo cha ufundi kabla ya mimba kumrudisha nyumbani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwuliza, "Wewe unaonaje?" kuhusu kitu chochote cha chuma. Walimwuliza bei tu.

Siku moja ya Jumanne alikuja kijana mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu, akamfungulia kiganja. Ndani mlikuwa na pete ndogo ya waya, nene kama njiti ya kiberiti, yenye mguu mrefu wa kuichomeka mahali.

"Naitwa Griffin Wanjala," akasema. "Nasimamia kile kiwanda kidogo cha shuka, barabara ya kwenda Webuye. Nataka pete kama hii mia na sitini. Kampuni iliyotuuzia mashine ilishafungwa huko ng'ambo. Unaweza?"

Muhonja aliigeuza pete kwenye mwanga. Upande wa ndani kulikuwa na mfereji, kana kwamba mtu ameukata kwa msumeno mwembamba.

"Hii imekatwa na nini?"

"Na uzi."

"Uzi ukate chuma?"

"Ukipita hapo miaka ishirini, unakata."

Muhonja akaiweka pete juu ya gogo. "Siwezi kutengeneza kitu ambacho sijaona kazi yake. Nipeleke niione hiyo mashine."

Griffin alimtazama kidogo, akacheka, akakubali.

Kiwandani, kabla ya kufuma chochote, kwanza nyuzi hutandwa. Kulikuwa na fremu ndefu kama ukuta, imebeba koni mia na sitini za uzi. Kila uzi ulitoka kwenye koni yake, ukapita ndani ya pete ya waya, kisha zote zikakusanyika kwenye kitana cha chuma na kwenda kujiviringisha juu ya rola kubwa, sambamba, bila mmoja kupanda juu ya mwingine. Uzi mmoja ukikatika, mashine yote husimama mpaka ncha ipatikane na ipitishwe tena ndani ya pete yake. Na kwa sababu pete zilikuwa zimechimbika, nyuzi zilikatika mara kwa mara. Chini ya fremu palitanda manyoya meupe ya pamba yaliyonyolewa na chuma.

Aliyeshughulikia fremu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye leso kiunoni, aitwaye Mildred Were. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita.

"Mulembe, mama," Muhonja akamsalimu katikati ya kelele za mashine.

"Mulembe, Osiako. Leo umekuja mapema."

Muhonja akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu mwingine. Osiako, kama alivyokuja kujua baadaye, alikuwa dereva wa kiwanda, mwanamume mwenye ovaroli ya buluu.

Griffin alikuwa amekwenda kupokea simu. Muhonja alisimama kimya akimtazama yule mama. Uzi ulikatika, mashine ikanyamaza. Mildred hakuitafuta ncha kwa macho. Aliipapasa kwenye koni, akailowesha kwa ulimi, akaigusa pete kwa kidole cha mwisho, kisha akaisukuma ncha. Ikapita pembeni. Akasukuma tena. Ikapita pembeni. Mara ya saba ndipo iliingia, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mama," Muhonja akasema taratibu, "mimi si Osiako. Mimi ni fundi wa waya. Naitwa Muhonja."

Mkono wa Mildred ulisimama hewani. "Basi umeona," akasema kwa sauti ya chini. "Usiseme, mwanangu. Hapa ndipo nakulanga."

"Sitasema."

Alirudi kibandani na ile pete, akaanza kukunja waya ngumu isiyoshika kutu. Pete ya kwanza ilitoka sawa na mfano. Ya pili pia. Lakini mawazo yake yalikuwa kwenye ile ncha iliyokuwa ikipita pembeni. Kwa nini pete ifungwe? Uzi hauhitaji kufungiwa, unahitaji kuelekezwa tu. Akachukua kipande kingine, akakikunja mzunguko mmoja na nusu, kama mkia wa nguruwe, akaacha mwanya mwembamba kati ya mkunjo na mkunjo. Akachukua uzi akaulaza juu ya mkia, akauvuta kando. Uzi ukateleza ukaingia katikati wenyewe. Hapakuwa na haja ya kutafuta ncha wala tundu. Akafumba macho akajaribu tena. Ukaingia. Akajaribu mara ishirini, akicheka peke yake hadi jirani yake anayeuza makaa akamwuliza kama ni mzima.

Alitengeneza ishirini za namna hiyo, akazisugua kwa msasa mpaka zikawa laini kama kioo, akazipeleka kiwandani.

"Hizi si nilizokuagiza," Griffin akasema.

"Najua. Zijaribu tu."

Wakazichomeka kwenye safu moja ya fremu. Mildred alipitisha mkono wake na nyuzi zikaingia moja baada ya nyingine, na uso wake ukafunguka. Mashine ikawashwa. Ilikwenda vizuri kabisa kwa dakika kumi. Kisha uzi mmoja wa safu ya juu, kwenye zile pete za zamani, ukakatika, mashine ikasimama ghafla, nyuzi zote zikalegea, na zile zilizokuwa kwenye pete mpya zikaruka nje kama panzi. Aliyekuwa kwenye swichi, msichana aitwaye Chepkemoi, hakuona. Aliunga uzi uliokatika akawasha tena. Nyuzi ishirini zikaparamia jirani zake, zikasokotana, zikajiviringisha juu ya rola hovyo. Kazi ya asubuhi nzima ikaharibika.

Griffin alishika kichwa. "Nilikupa mfano! Mfano ulikuwa mkononi mwako! Nani alikuambia ubuni vya kwako?"

"Nilitaka iwe rahisi kuingiza."

"Rahisi kwa nani? Watu wote hapa wanaingiza uzi kwenye pete za kawaida!"

"Kwa mama, yeye haoni!"

Neno lilishatoka. Muhonja alitamani alirudishe mdomoni kwa mikono miwili. Chepkemoi aliacha kukwanyua nyuzi. Mildred alisimama pale kwenye fremu, ameshika leso yake.

"Mama Mildred," Griffin akasema, "ni kweli?"

"La kushoto lilikwenda miaka mitatu iliyopita. La kulia nalo linafuata. Naona ukungu tu."

"Na rola hii inazunguka hapa karibu? Ungeingiza mkono ningefanya nini mimi?"

Hakusema kwa ukali. Alionekana kuogopa zaidi kuliko kukasirika. Akamwambia aende nyumbani apumzike mpaka azungumze na wenye kiwanda. Mildred alichukua mkoba wake, akatoka akiupapasa ukuta, sasa bila kuficha.

Siku mbili Muhonja hakuweza kukunja hata kizimba. Siku ya tatu alikwenda Amalemba, akaulizia nyumba ya Mama Mildred, akamkuta ameketi kibarazani akichambua mboga kwa vidole.

"Ni Muhonja, mama."

"Najua. Unanukanga chuma."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Ulinivua nguo mbele ya watu." Mildred hakuinua uso. "Ningekuwa nimeamua kusema, ningesema mwenyewe. Nilikuwa nalipanga hilo neno kila asubuhi. Wewe ukalitupa kama maganda."

Muhonja alikaa kwenye ngazi, akachukua fungu la mboga, akachambua naye. Walimaliza fungu la kwanza wakaingia la pili. Hatimaye Mildred akanyoosha mkono.

"Unayo hapo?"

"Nini, mama?"

"Hiyo takataka yako iliyoniachisha kazi."

Muhonja akatoa pete yenye mkia mfukoni. Mildred aliizungusha kati ya vidole polepole, akaisikiliza waya kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akaingia ndani, akarudi na koni ya uzi aliokuwa akifumia vitambaa vya viti. Akaisimamisha sakafuni, akamwambia Muhonja ashike pete juu yake, akavuta uzi kwa kasi, kisha akaulegeza ghafla. Ukaruka nje. Akarudia. Ukaruka tena. Mara ya tatu alivuta uzi huku ameuzungushia vidole viwili kwa wepesi, kama anayeshika shingo ya kifaranga.

"Ngoja," akasema. "Huu uzi hauendi moja kwa moja. Unapotoka kwenye koni unazunguka. Gusa hapa."

Muhonja akagusa. Ulikuwa ukitetemeka, lakini hakusikia zaidi ya hapo.

"Unazunguka kulia," Mildred akasema. "Nimeushika miaka ishirini na sita, najua. Na wewe mkia wako umeukunja kuelekea wapi?"

Muhonja aliitazama pete, kisha koni, kisha pete tena. "Upande huohuo."

"Basi uzi ukilegea unaufuata mkia mpaka nje. Umeujengea njia ya kutokea."

"Nikiukunja kinyume..."

"Kila ukizunguka utajirudisha ndani." Mildred akamrudishia pete. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, ingawa kidogo. "Na shule ulikwenda."

"Muhula mmoja tu, mama."

"Ndiyo maana."

Kukunja kinyume hakukuwa mchezo. Mikono ya Muhonja ilikuwa imezoea upande mmoja tangu ashike koleo, na kila alipojisahau waya ilirudi kule kule kwa zamani. Alipigilia misumari miwili kwenye bamba la chuma ili imwongoze, akabadilisha mkono, akajichoma kidole gumba mara mbili. Pete za kwanza zilikuwa na mwanya mpana mno. Zilizofuata zilibana hata uzi haukuingia. Siku ya nne alipata thelathini alizoridhika nazo, akaenda kumsubiri Griffin kwenye lango la kiwanda.

"Nilikosea upande," akamwambia kabla hajafungua mdomo. "Mama Mildred ndiye aliyeliona kosa. Namaanisha, ndiye aliyelishika. Naomba uzijaribu mara moja tu, na yeye awepo."

Griffin alivuta pumzi. Alikuwa na mifuko chini ya macho. "Tangu aondoke, fremu inachukua siku mbili kupangwa," akakiri. "Mwite. Lakini anaingiza nyuzi mashine ikiwa imezimwa, na haendi upande wa rola."

Mildred alikuja amevaa gauni la kanisani. Griffin alimweka Chepkemoi upande wa pili wa fremu, yeye na pete za zamani, macho yake mawili mazima. Wakaanza pamoja. Chepkemoi alipofika uzi wa kumi na mbili, Mildred alikuwa amemaliza thelathini na amekunja mikono.

"Washa," Griffin akasema.

Mashine ikaenda. "Zima." Nyuzi zikalegea, zikatikisika ndani ya mikia yao, zikatulia. "Washa. Zima." Waliifanya mara sita, na mara ya sita Griffin mwenyewe aligonga swichi kwa ngumi ili isimame vibaya kabisa. Hakuna uzi uliotoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Griffin alitembea kutoka mwanzo wa fremu hadi mwisho akigusa pete mojamoja.

"Miaka mitatu," akasema. "Nilikuwa nakupita hapa kila asubuhi, mama, nakusalimia, naenda zangu."

"Nilikuwa nakusikia ukija, nageuza uso," Mildred akajibu. "Usijilaumu sana. Nilikuwa hodari."

Kisha Griffin akamgeukia Muhonja. "Zote mia na sitini. Na wewe unaonaje, kitana nacho kibaki vile kilivyo?"

Muhonja alisogea kwenye kitana. "Kitana nacho kina kasoro," akasema. "Nikuonyeshe."

Wiki iliyofuata uzio wa chuma uliwekwa kati ya fremu na rola, na Mildred akarudi kazini kama msimamizi wa fremu, mbali na kila kinachozunguka. Na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha, akakubali lile alilokuwa akilikwepa siku zote. Alimwomba Muhonja amsindikize hospitalini. Alikuwa akiogopa kwamba daktari angesema kwa sauti kile alichokuwa akijiambia usiku kucha.

Daktari alisema jicho la kushoto limekufa kwa presha ya macho, halirudi. Mildred aliitikia kwa kichwa tu. Lakini la kulia, daktari akaendelea, lina mtoto wa jicho, na hilo huondolewa. Ndipo Mildred alipolia, kwa kelele, mbele ya foleni nzima, akajipiga magotini kwa viganja na kusema kwamba angekuja mapema zaidi pengine angeokoa yote mawili. Muhonja hakujaribu kumkanushia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alimshika tu begani mpaka foleni ikasogea.

Walimpasua mwezi uliofuata. Bandeji ilipofunguliwa, nesi alimwambia asikimbilie kutazama vitu vya mbali, aanze na kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni Muhonja, amekaa kwenye benchi na mfuko wa ndizi mapajani, hana kofia.

Mildred alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, kwa muda, akipepesa.

"Nilikuwa nikidhani wewe ni mrefu," akasema.