Moto Mfukoni

...“usimshike hivyo, sista, huyo si mbuzi,” anasema mama mdogo, na muuguzi anasema, “Basi mshike wewe, dada, akikung'ata usiniite,” na mimi nimesimama mlangoni pa chumba cha dharura, mguu mmoja ndani mmoja nje, kwa sababu mlinzi kasema watoto hawaruhusiwi na mama mdogo kasema nisiende mbali, kwa hiyo nipo katikati kama kifungo kisicho na tundu, namtazama mama yangu kitandani, mikono yote miwili imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, magoti kayakunja mpaka tumboni, jasho linamtiririka shingoni, anasema tumbo linamuuma... hapana, hasemi tumbo, angesema tumbo labda wangemsikia, anasema, “Mfukoni, mfukoni kunaungua, moto,” na muuguzi kapapasa gauni lake ubavuni, kamgeukia mlinzi akacheka, “Hana hata mfuko! Tuite zimamoto?” na mlinzi naye akacheka, cheko la mtu aliyechoka kusimama, na ile bandeji wameifunga mafundo mawili, mama hafungi mafundo mawili, fundo moja linatosha, anasema, nguo nayo ipumue, na hapa hakuna hata mmoja anayemwita Fundi, kule nyumbani mtaa mzima ni Fundi, Fundi umeamkaje, Fundi gauni langu tayari, hapa ni “huyu”, “huyu wa kule nyuma”, kule kwenye wodi ya wagonjwa wa akili... mashine yake ilikaa barazani, ile ya kukanyaga kwa miguu, na mimi nililala chini yake juu ya vipande vya vitambaa, tra-tra-tra juu ya kichwa changu kama mvua inayoanza kisha inasita, mguu wake unapanda unashuka karibu na pua yangu, unanukia sabuni na mafuta ya mashine, sijawahi kulala usingizi mtamu vile tena, wala sidhani kama nitalala... “Alianza lini?” anauliza muuguzi, na mama mdogo anasema, “Asubuhi alikuwa mzima!” na si kweli, alikuwa mzima juzi, jana hakula, na mimi nikadhani ni ule ugonjwa unarudi, maana ndivyo unavyorudi, kwanza anaacha chakula, halafu usingizi, halafu maneno yanapotea njia, ulipokuja mara ya kwanza alikata kitambaa cha mteja vipande vidogo vidogo, akasema anawapunguzia watu uzito, na mimi nikaacha shule ili nyumbani awepo mtu wa kuficha mkasi, lakini siku hizi amekuwa mzuri, dawa zake anameza mwenyewe bila kukumbushwa, anaimba na mashine, wiki iliyopita kanifundisha kutia zipu, nikaitia kichwa chini miguu juu, akacheka mpaka akashika ukuta, “Mwanangu, huyu mtu atavua nguo kwa kupitia miguuni?”... “Dada, habari zake tunazijua, wakianza hawa ndivyo walivyo, hawali, wanajikunja, wanaona moto, wanaona nyoka,” “Usimwite dada yangu kichaa!” “Nani kamwita kichaa? Nimesema mgonjwa wa akili,” “Kuna tofauti gani kama unacheka?” mama mdogo ana mdomo, ukoo mzima unamwogopa, lakini anapigania jina, jina la dada yake, hapiganii tumbo, na tumbo halina wakili hapa... mama kageuza kichwa, kaniona, macho yake mekundu lakini ni yake, “Mteja,” ananiita, “mteja wangu, mfukoni,” na muuguzi anasema, “Mnasikia? Sasa anaona na wateja,” lakini mteja ni mimi, ni mimi, nilipokuwa mdogo nikilia naumwa alinibeba akanilaza juu ya meza ya kukatia kama kitambaa, kashika chaki yake bapa, “Haya mteja, wapi panabana? Kolani? Mkandani? Mfukoni?” na mimi nacheka huku nalia, namwonyesha kwa kidole, kolani ni kooni, mkandani ni kitovuni, na mfukoni ni hapa chini, kulia, kwa sababu sketi zote za shule alizoshona zilikuwa na mfuko mmoja tu, upande wa kulia chini ya mkanda, yangu pia, mpaka leo nikivaa gauni lisilo na mfuko mkono wangu unautafuta, sasa hivi umekwenda wenyewe, umefika, umetulia hapa... hapa... na maneno ya mama hayajapotea njia hata kidogo, anasema vizuri kabisa, anasema kama tulivyokuwa tunasema pale mezani, ni mimi niliyesahau, kulia, chini ya mkanda, kunaungua, na katika chumba hiki chote chenye taa na mashine na watu wa makoti meupe hakuna aliyewahi kuwa mteja wake ila mimi... “Daktari kamwangalia?” “Kamwona,” “Kamwona toka wapi, toka hapo mlangoni?” “Dada, atachomwa sindano alale, akilala wenzangu wa kule nyuma watakuja kumchukua,” na muuguzi anavunja shingo ya kichupa, tik, anavuta dawa, na akilala nani atasema mfukoni, utaungua kimya kimya ule moto ndani ya mtu aliyelala, na wao watasema afadhali, ametulia... niseme, lakini niseme nini, mimi mtoto wa mlangoni, shule nimeiachia njiani, nikisema mfukoni watacheka tena, mtoto wa nyoka ni nyoka, watatafuta bandeji nyingine na kitanda cha pili, na mama mdogo atasema nyamaza wakubwa wanazungumza... yule mwalimu, kumbe, yule mwalimu wa hesabu aliyechukua suruali yake kwa mama akaivaa wiki nzima inambana, akatembea kama bata, darasa zima tukajiumauma midomo, na alipokuja hatimaye, kajifunika kwa gazeti, mama alicheka mpaka pini zikamwanguka mdomoni, “Mwalimu, suruali haina masikio, ungekuja kuniambia mimi!” na tangu siku ile akawa anamsindikiza kila mtu mpaka mlangoni kwa maneno yale yale, mkubwa kwa mdogo, futi shingoni, chaki nyuma ya sikio, hata mimi asubuhi ile ya kwanza na sketi mpya yenye mfuko mmoja, alinivuta akaiweka sawa kola yangu, mikono yake ikinukia chuma cha pasi na uzi mpya, mikono ile ile pale kwenye vyuma... muuguzi anaigonga sindano kwa kucha, mama mdogo bado anafoka, mlinzi bado ameegemea ukuta, mguu wangu bado mmoja ndani mmoja nje, na mkono wangu haujatoka mfukoni, pasipo na mfuko, na mama wa asubuhi ile kainama pale mlangoni petu, jua nyuma yake, anasema, “Ikikubana popote, usione haya. Rudi useme.”