Weupe Unaoshuka Kichupani

Dereva wa chanjo aliitwa Barafu, na jina hilo alilipenda. Jua lilikuwa kali, naye hakutaka lawama, hivyo chupa bapa za barafu alizitoa kwenye friza na kuzipanga kashani moja kwa moja, bila kungoja zianze kuyeyuka.

"Shemeji, leo nimekuletea baridi ya kung'ata vidole."

Muuguzi, mke wa kaka yake, alifungua kasha. Kichupa kimoja cha chanjo kilikuwa kimenata kwenye barafu, kigumu kama kokoto. Vingine vilikuwa majimaji.

"Umevigandisha."

"Kimoja tu! Watu wote wanaogopa joto, wewe unaogopa baridi?"

"Chanjo hii ikiganda imekufa. Ikiyeyuka sura inabaki ileile, lakini haimkingi mtoto. Na hivi vingine sijui kama havikuganda njiani."

Ukumbini mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama. Binti wa dada yake muuguzi alichungulia mlangoni, kichanga mgongoni.

"Mama mdogo, tunaanza? Mto unajaa, nikichelewa sivuki."

"Subiri, mwanangu."

Muuguzi alikifumbata kiganjani kile kichupa kilichoganda mpaka kikayeyuka. Akachukua kingine kutoka katikati ya kasha, akavitikisa pamoja, akavisimamisha dirishani. Dawa ya kichupa kizima hutulia chini polepole. Ya kilichoganda hutulia upesi.

Vyote viwili viligeuka weupe wa maziwa. Mwanga ulipita ndani yake, na weupe ukaanza kushuka, chembe baada ya chembe, kama ukungu unaoteremka bondeni watu wakiwa bado wamelala. Vilio vya watoto vilisikika kama vinatoka ng'ambo ya maji. Muuguzi alijikuta anakiomba kile cha pili kichelewe.

Hakikuchelewa. Weupe wa vyote viwili ulifika chini kwa pamoja, na juu yake yakabaki maji, safi, yasiyo na kazi.

"Mchome wangu tu," binti alisihi. "Nikivuka leo, kurudi ni majaliwa."

"Nikimchoma hayo, utavuka ukiamini amekingwa. Utalala kwangu. Mumeo akifoka, mwambie anipigie mimi."

"Akikupigia wewe, atafoka kwa adabu," binti alisema, akaketi.

Muuguzi aliwatangazia wengine wasubiri chanjo nyingine. Waliguna, na baadhi walifunga watoto mgongoni wakaondoka.

Barafu alimpeleka muuguzi stoo kuu kuchukua chanjo nyingine, wala hakutania tena njiani. Huko alipanga chupa za barafu mezani, zikaanza kutoka jasho. Aliinua moja, akaitikisa sikioni. Kimya. Wakakaa wakizitazama, na meza ikalowa taratibu. Alipoitikisa tena, maji kidogo yalicheza ndani.

"Shemeji, nausikia mto."

"Sasa pakia."

Waliporudi, mabenchi mengi yalikuwa matupu. Binti alikuwa amesinzia palepale, kichanga kikimnyonya usingizini. Muuguzi alinawa mikono, akavuta dawa kwenye sindano, kisha akamgusa bega kwa upole.

"Amka, mwanangu. Mfunue mtoto paja."