Giaboksi ya Kemigisha

Kemigisha alikatwa mguu wa kushoto mwezi wa pili, chini kidogo ya goti, baada ya kidonda cha kisukari kukataa kupona. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha Land Cruiser yake miaka kumi na tisa, akibeba kahawa na wagonjwa kwenye njia za Kyerwa ambazo masika magari mengine yalizikimbia.

Mumewe, Egbert, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomfungia nyumbani. Alipigilia miti ya kushikilia ukutani, kutoka chumbani hadi jikoni. Alimkataza kuingia kibanjani, kwenye shamba lao nyuma ya nyumba, kwa kuwa magongo yalizama kwenye matandazo ya migomba na alikwisha kuanguka mara mbili. Ikabaki chumba, jiko na baraza. Kutoka barazani aliliona gari lake chini ya banda, kuku wametaga kwenye bodi. Simu zilipoita alijibu, "Siendeshi tena, tafuteni bodaboda." Mwezi wa tano jirani yao Nikuze alipakiwa kwenye pikipiki akiwa na uchungu, akajifungulia njiani, mvua inanyesha. Mtoto alipona, lakini Kemigisha hakuweza kula siku ile.

"Baba Vero, mguu wa kulia ninao," alimwambia mumewe kesho yake. "Otomatiki haina klachi."

"Basi tuuze hili, tununue kagari kadogo. Utakwenda Kayanga, utakwenda kanisani."

"Na lami ikiisha?"

Egbert alichukua simu, akampigia fundi.

Fundi wao, Aimable, alikuwa na gereji Omurushaka. Alisema injini ibaki ileile, atoe giaboksi tu na kuweka ya otomatiki. Aliitafuta wiki tatu. Siku aliyowaita, giaboksi mbili zilikuwa zimelala juu ya turubai.

"Shikamoo mama. Hii ni mpya zaidi, inaongozwa na kompyuta. Inabadilisha gia hata usisikie. Hii nyingine ni kuukuu, nzito, na itakunywa mafuta. Haina kompyuta. Ni presha ya oili na kebo moja tu inayotoka kwenye pampu ya dizeli."

"Ya kompyuta," Egbert alisema. "Mgonjwa hatakiwi kutikiswa."

Kemigisha alijishusha taratibu, akakaa juu ya tairi. "Kompyuta ikiingia maji?"

"Gari linaweza kung'ang'ania gia moja, au lisiende kabisa, mpaka aje mtu mwenye mashine ya kuipima. Mimi sina."

"Na kebo ikikatika?"

"Nakuletea nyingine kwa pikipiki. Ila sikufichi, mama. Hii ya zamani inachemka kwenye mlima mrefu. Nitaifungia kipoza oili mbele ya rejeta, na bado utalazimika kuichunga. Halafu mteremkoni otomatiki haishiki kama gari ulilozoea. Usiposhusha mwenyewe hadi L, gia ya chini kabisa, itakukimbia."

"Niwekee hiyo."

"Mama Vero, kwa nini utafute shida?" Egbert aliuliza.

"Wewe ukikwama bondeni utatembea kwenda kuomba msaada. Mimi nitakaa humohumo."

Kazi ilichukua siku kumi na mbili, kwa sababu shafti ilibidi ikatwe na kuchomelewa upya. Walipolichukua gari, Egbert alikaa kushoto kwake na mikono magotini. Kila giaboksi ilipobadilisha gia, mguu usiokuwepo ulikanyaga klachi isiyokuwepo, na kisigino kikamuuma Kemigisha kama kipo.

Kwenye mteremko wa Songambele njia ilikuwa imelowa. Gari lilijipandishia gia lenyewe. Kemigisha alikanyaga breki badala ya kuvuta L, matairi yakateleza, na gari likaingia mtaroni kwa upande wa kulia. Mlango wake ukabanwa na ukingo. Injini ikazimika, na udongo mwekundu ukajaa kioo kizima.

Egbert alitoka kwa mlango wa pili. "Kaa hapo, niite watu wakutoe."

Magongo yalikuwa yameteleza nyuma ya kiti, asiyafikie. Alisikia hatua za mumewe zikipanda mlima, kisha hakusikia kitu. Alijaribu kujivuta kwenda mlango wa kushoto; mwinamo ukamrudisha. Aliwaza jinsi watakavyomwinua, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, na kumrudisha barazani, na safari hiyo asitoke tena.

Aliwasha. Kimya. Akazungusha tena ufunguo, kimya, na machozi yakamtoka. Ndipo alipotazama mkono wa gia: ulikuwa bado kwenye D, na otomatiki haiwaki ikiwa ndani ya gia. Akausukuma hadi N, gia huru. Injini ikanguruma.

Akaunganisha matairi yote manne kwenye mwendo mdogo wenye nguvu, akavuta L, akagusa mafuta kidogo sana. Kwa klachi angelirusha gari na kuchimba shimo. Giaboksi hii ilivuta polepole, bila kukata. Ukingo ulikwaruza mlango wote, kioo cha pembeni kikavunjika, na gari likapanda barabarani.

Egbert alirudi na wanaume wanne, akamkuta amesimamisha gari katikati ya njia, injini inaunguruma. Hakumpongeza. Alipanda, akafunga mlango, wakaenda nyumbani.

Jumatatu Kemigisha alimpeleka hospitali mzee Athanasi, aliyevimba tumbo, pamoja na bintiye. Egbert alitaka kwenda naye, akaambiwa hakuna nafasi. Hospitalini ngazi zilikuwa nyingi na sakafu imepigwa deki, hivyo Kemigisha alibaki kwenye usukani. Saa nne nzima alikaa hapo, hakunywa maji kwa kuwa choo kilikuwa mbali, kisiki cha mguu kinamchoma kama moto.

Simu iliita. "Umekula?" Egbert aliuliza.

"Bado. Nimekaa tu garini."

"Utarudi saa ngapi?"

"Sijui," Kemigisha alisema, akashusha kioo mpaka chini.