Aliyezama kwa Niaba Yangu

Mdogo wangu Agyenim hajawahi kukosa usingizi maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu Ghana nzima inaamini vingine. Wapo watu wazima waliolia mbele ya kadamnasi kwa ajili ya macho yake yasiyofumbwa usiku, na mimi nimelala chumba kimoja naye utoto mzima nikisikiliza anavyokoroma. Analala kama gunia la mihogo. Anaamka na njaa, anakula fufu na supu ya mbuzi mpaka bakuli linang'aa, kisha anavaa nguo nyeusi na kwenda kuwaambia watu jinsi anavyotamani kufa.

Jina lake la jukwaani ni Nsuo Ase, yaani Chini ya Maji. Zamani alijiita Bosi Agyen, na alikuwa akirap kuhusu magari ya kifahari huku anakanyaga matope ya mtaa wa Suame, hapa Kumasi, na ndala zilizoshonwa kwa waya. Mistari yake ilikuwa mibovu. Mama yetu anampenda kuliko anavyompenda Mungu, lakini hata yeye akimsikia anaanza alikuwa anawasha mashine ya kusagia pilipili.

Kisha nikaugua mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na asubuhi moja mwili ulikataa kutoka kitandani. Baada ya wiki chache ukuta ulianza kuniita jina, tena kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Mama na mjomba Boaten, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, wakanipeleka kwenye kambi moja ya maombi nje ya mji. Huko nilifungwa mnyororo wa mguu kwenye chuma kilichochimbiwa sakafuni. Majirani waliambiwa kwamba mimi, Dufie, niko Abidjan, nauza vitenge. Mpaka leo nyumbani kwetu wakitaja miezi ile wanasema, "Dufie alipokuwa Abidjan," wala hapana anayecheka.

Aliyekuja kuniona ni Agyenim peke yake. Alikuja kila Jumamosi na kenkey na samaki wa kukaanga, akavua viatu, akaketi nami kwenye mkeka na kuilaza simu yake kifudifudi katikati yetu. Halafu aliuliza, "Dada, niambie. Kukoje huko ndani?"

Lazima mwelewe swali hilo lilikuwa na uzito gani. Mchungaji alimuuliza pepo jina lake. Mama alimuuliza Mungu amekosa nini. Agyenim aliniuliza mimi. Basi nikamwambia. Nikamwambia nipo chini ya maji na ninaona nyayo za watu wakipita juu. Nikamwambia mnyororo ukipigwa na jua unakuwa na joto kama mkono wa mama, na kwamba kuna siku naushika nipate usingizi. Nilisema mpaka koo likakauka, naye akaninywesha maji taratibu. Nilimpenda sana mdogo wangu Jumamosi zile, na siwezi kujidai sikumpenda.

Niliporudi "kutoka Abidjan" nilikwenda kusukwa nywele, na redioni nikasikia mtu anasema mnyororo wangu una joto kama mkono wa mama. Sauti ilikuwa ya Agyenim. Maneno yalikuwa yangu yote, kwa mpangilio wangu, na pale nilipokohoa yeye alikuwa ameacha pengo la pumzi. Msusi alikuwa anajifuta machozi kwa kiwiko. "Maskini kijana wa watu," akasema, "jinsi alivyoteseka."

Nilipomkabili, Agyenim alinishika mabega. "Nimesema mimi, mimi, mimi, wimbo mzima. Jina lako silitaji. Aibu nimeibeba yote peke yangu. Au ulitaka niseme ni wewe?"

Na baadaye jibu lilizidi kuwa gumu, maana ile aibu aliyoibeba ilituezekea nyumba upya. Ilimpa mama duka la vyakula vilivyogandishwa na mjomba gari. Albamu tatu zilitoka kwenye Jumamosi zile. Kampuni ya simu ilimweka kwenye matangazo, ameinamisha kichwa, chini yake pameandikwa kwamba hauko peke yako. Madaktari wa akili walimwalika kwenye makongamano. Akiulizwa alitokaje gizani, anatazama sakafu, anatulia kidogo, kisha anashusha pumzi. Pumzi ile aliifanyia mazoezi mbele ya kioo chetu cha sebuleni. Mama alimshikia taa.

Mimi nilifungua duka la kutengeneza mabango ya misiba. Kumasi haikosi marehemu, na marehemu hawapigi kelele. Ndipo akaja Adusei, muuza vipuri wa Suame, kutengenezewa bango la marehemu baba yake. Mwanamume mpole, mikono ina mafuta ya gari mpaka kwenye mistari ya viganja. Tulipoanza kuelewana alinipakia kwenye pikapu yake, akaweka wimbo wa Nsuo Ase, na kwenye foleni ya mzunguko wa Suame akaanza kulia waziwazi, madereva wengine wakimtazama.

"Huyu jamaa anajua," akaniambia. "Baba alipokufa huyu ndiye aliyenishika mkono."

Nikamwambia ni mdogo wangu. Karibu agonge lori la mchanga. Sikumwambia zaidi ya hapo. Nilikaa nikimtazama mwanamume analia kwa maneno yangu, na moyo ukanijaa. Nilijiona nimeshapendwa kabla ya kufahamika.

Wazee wa Adusei wakaja kugonga mlango, yaani kuposa, na chupa mbili za pombe kali, zile za kijani, mjomba akazipokea. Baada ya hodi kuna upelelezi. Kila upande unachunguza upande wa pili kama kuna wizi, kifafa, vifo vya aibu, wazimu. Na damu inayopelelezwa hasa ni ya tumbo la mama, kwa sababu kwetu watoto ni wa ukoo wa mama. Wazee wetu walikwenda kwao wakakuta mlevi mmoja tu, tena mcheshi. Upande wao walimtuma Mama Konadu, dada mkubwa wa mama yake Adusei, mwanamke aliyevunja uchumba mwingi kuliko umaskini. Mimi sikuwa na wasiwasi. Majirani wote walijua nilikuwa Abidjan.

Jumapili alirudi, akaketi sebuleni kwetu na kukunja kitenge chake magotini.

"Tumezoea kupeleleza kwa kujificha," akasema. "Unakwenda kwa jirani kununua nyanya kumbe unanunua maneno. Safari hii sikununua hata kitunguu. Niliwasha redio."

Mjomba alicheka kidogo, akidhani anasifiwa.

"Mtoto wenu amesema mwenyewe, jamani. Alifungwa mnyororo. Ukuta unamwita jina. Na huyu binti wametoka tumbo moja. Sisi hatuna ugomvi na mtu, ila tunataka wajukuu wenye vichwa."

Mjomba akaomba wiki moja ili ukoo ujibu.

Nilimfuata Agyenim kwenye nyumba yake mpya kule Ahodwo. Alikuwa mezani, mikono imezama kwenye fufu. Nikamwambia ninachotaka ni sentensi moja. Aje Jumapili, aseme nyimbo ni kazi ya sanaa, amebuni, hakuna mwendawazimu kwetu.

Alinawa mikono polepole. "Dada, watu wananiamini mimi."

"Wanakuamini kwa mambo yangu."

"Sawa. Nikisema si yangu, watauliza nini tena?" Alinitazama kwa huruma, ile ya kwenye matangazo. "Watauliza ni ya nani. Na mbele ya mjomba, pombe ya wazee imemwagwa chini, mimi siwezi kudanganya. Unanijua." Kisha akanisogezea bakuli. "Kula kidogo. Umekonda."

Kwa mjomba sikupata afadhali. Aliniambia bila hata kushuka garini: "Mwanangu, wanaume wa kukuoa Kumasi wamejaa. Nsuo Ase yuko mmoja."

Jumapili ilipofika watu walijaa sebule. Agyenim alikuja na miwani myeusi, akaketi karibu na mama. Mjomba alizungukazunguka na maneno yasiyo na mifupa, Mama Konadu akimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike aondoke. Ndipo Adusei akasimama. Kwa desturi bwana harusi hasemi kwenye kikao cha namna ile. Mama Konadu alimvuta shati, yeye akabaki wima.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nyimbo hizo ndizo zimenifanya niwe mtu. Baba alipofariki nilitaka kujitupa mtoni, na si utani. Kama huo ndio wazimu, mimi nautaka nyumbani kwangu. Mtu aliyeyasema maneno yale ningempa kitanda changu, mimi nikalala chini."

Agyenim akatazama sakafu, akatulia kidogo, akashusha pumzi. Mama Konadu akatazama dari, kisha akasema, "Basi, ni wewe utakayeishi naye," na mjomba akaunyoosha mkono kuelekea chupa. Nilikuwa nimeshaolewa. Kilichobaki ni kukaa kimya, kazi niliyoifanya kwa miaka bila kujikwaa.

Lakini nilikuwa nimesikia alichosema. Mtu aliyeyasema maneno yale. Furaha iliyonipanda sikuwahi kuijua, ikanitoa akili kuliko ukuta ulivyowahi kunitoa. Nikamwomba Adusei tutoke uani mara moja, tukasimama karibu na tangi la maji.

"Ni mimi," nikamwambia. "Maneno yale ni yangu. Agyenim alinirekodi."

Alicheka. "Acha utani wako, Dufie."

"Kwenye wimbo wa mnyororo, baada ya mkono wa mama, kuna pengo. Pale nilikohoa. Na baada ya pengo nilisema kitu ambacho hakukiweka, kwamba mkono ule haunipapasi, unanishika nisiende."

Midomo yake ilikuwa inapitia wimbo. Nikaona alivyofika kwenye pengo na kuyapachika maneno yangu, na yakakaa sawasawa. Macho yake yakashuka kwenye kifundo cha mguu wangu, kwenye kovu nililomwambia ni la bomba la pikipiki. Akarudi nyuma. Hatua ndogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake aliyebeba uji wa moto.

"Umesema ungempa kitanda," nikamwambia.

"Nilikuwa namsema Agyenim."

"Maneno si ni yaleyale?"

"Dufie, yule ni msanii." Alisema kwa upole, na upole wake ulinichinja. "Wewe utabaki na watoto wangu mimi nikiwa dukani."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshaingia ndani na kuinama sikioni mwa Mama Konadu. Nilimwona yule mama akinitazama kupitia dirishani, kuanzia kichwani kwenda miguuni, akaishia kwenye miguu. Hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema upande wao umebadili mawazo. Mjomba akamuuliza kuhusu zile chupa.

"Zibaki," akasema. "Mtazihitaji."

Pikapu ya Adusei ilikuwa barabarani mbele ya nyumba yetu. Alipoiwasha, wimbo ukaendelea pale alipoukatisha wakati wa kuja. Ilikuwa sauti ya Agyenim ikisema anaona nyayo za watu zikipita juu yake. Hakuizima. Nilisikia maneno yangu yakiondoka naye mpaka yakakata kona.

Mama alinirukia kabla sijaingia mlangoni. "Ulimi huo! Nani alikuuliza? Nani alikuuliza kitu wewe?" Kisha akaenda jikoni kumlilia Mungu. Mjomba alifungua chupa ya kwanza, akasema si vizuri kuiacha ikae. Nikaingia chumba changu cha zamani, nikakaa chini kwenye mkeka na kuegemea ukuta. Ukuta haukusema kitu. Ningefurahi useme.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa. Agyenim alivua miwani, akavua viatu, akaketi mbele yangu. Nilijua kampuni yake inamdai albamu ya nne tangu mwaka jana, na kwamba amekaa studio miezi mingi hana hata mstari mmoja, kwa kuwa ndani yake hamna kitu ila chakula cha mchana. Aliilaza simu kifudifudi katikati yetu. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na hilo ndilo baya kupita yote, kwamba ananipenda.

"Dada," akasema. "Niambie. Kukoje huko ndani?"

Niliutazama mlango. Jikoni mama alikuwa anaomba, sebuleni bilauri ya mjomba iligonga meza. Nikawapitisha akilini watu wote ninaowajua Kumasi, mmoja mmoja, nikimtafuta mwingine ambaye angekuja kuniuliza.

"Sogeza simu karibu," nikamwambia. "Leo sauti yangu ni ndogo."